Sinema Nyeusi na Kazi ya Mwalimu wa Kiswahili

Wako walimu wenzetu washikiliao kwamba sinema ni kitu cha kupotezea wakati, na ya kuwa mwalimu wa Kiswahili aingizaye filamu darasani amekwisha kuikimbia kazi yake. Wako na wengine, wapole zaidi, wanaoiruhusu filamu siku ya mwisho ya muhula, mitihani ikiisha kusahihishwa, kama mtoto apewavyo peremende ili anyamaze. Makundi haya mawili yaonekana kupingana, lakini kwa hakika yamekaa jamvi moja: yote mawili yanaamini kwamba ndani ya filamu hamna ufundi wa kujifunza. Sisi tunaofundisha lugha hii Jinja na Mbale twasema imani hiyo ni potofu, tena inawagharimu wanafunzi wetu. Tutaonyesha hivyo kwa filamu moja tu, ya zamani, isiyo na rangi, wala haikutengenezwa kwa ajili yetu.

Filamu yenyewe ni Double Indemnity, iliyotolewa Marekani mwaka 1944. Jina hilo ni istilahi ya watu wa bima, na maana yake ni fidia maradufu: mwenye bima akifa kwa ajali ya nadra, kampuni hulipa mara mbili. Wakala mmoja wa bima, Walter Neff, anakwenda nyumbani kwa mteja, anamkuta mke wa mteja, Phyllis Dietrichson, na hao wawili wanaafikiana kumwua mume ili wapate fedha. Kisa chatokana na riwaya ya James M. Cain. Mchezo uliandikwa na Billy Wilder pamoja na Raymond Chandler, na Wilder ndiye aliyeuongoza. Wahakiki wa Ufaransa walipoziona filamu za namna hii baada ya vita, mwaka 1946, waliziita film noir, yaani sinema nyeusi. Na ingawa weusi huo ni wa vivuli vinavyojaa kiooni, ni wa nyoyo za watu pia.

Tuanze na uandishi. Filamu inafunguka usiku. Neff, mwenye jeraha la risasi, anaingia ofisini mwake, anaketi mbele ya mashine ya kunasa sauti, na kumwungamia mwenzake wa kazini, Barton Keyes, kwamba ndiye aliyeua; aliua kwa ajili ya fedha na kwa ajili ya mwanamke, na hakupata hata kimoja. Basi mwisho tumekwisha ujua kabla ya mwanzo. Msomaji aliyezoea Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960, atashangaa. Huko Bwana Msa hutuongoza hatua kwa hatua mpaka mwuaji afichuliwe, na ufundi wote u katika kuficha. Hapa mwuaji amejifichua mwenyewe dakika za kwanza. Je, imebaki nini cha kutazama?

Mtu wa Mbale hapaswi kuulizwa swali hilo mara mbili. Kila mwaka wa namba shufwa, watu humiminika kiwanja cha Mutoto kushuhudia kufunguliwa kwa msimu wa imbalu. Hakuna hata mmoja wao asiyejua litakalompata kijana atakayesimama pale. Hawaendi kujua nini kitatokea. Wanaenda kuona atasimamaje. Hiyo ndiyo taharuki ya Double Indemnity: mwisho unajulikana, na mtazamaji anabaki akichungua jinsi mtu mwenye akili timamu anavyouendea kwa miguu yake mwenyewe. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hilo ameelewa kwamba mpangilio wa visa ni uamuzi wa mtunzi, wala si lazima ufuate kalenda. Ataanza kujiuliza kwa nini insha yake mwenyewe ianze kila mara na kuamka asubuhi na kupiga mswaki.

La pili ni usemi. Inasimuliwa kwamba Wilder alipenda kuyachukua mazungumzo ya Cain kutoka katika riwaya kama yalivyo, naye Chandler akakataa, akisema kwamba yanapendeza machoni tu, na yakitamkwa yatadorora. Waigizaji wakaitwa, wakayasoma kwa sauti, na Chandler akaonekana kuwa na haki. Tunaomba kila mwalimu wa insha na tamthilia akitafakari kisa hicho. Kuna sentensi za jicho na kuna sentensi za sikio. Mwanafunzi anayeandika mazungumzo ya mama na mwanawe kwa lugha ya barua ya serikali hajakosea sarufi hata kidogo, na alama anapewa. Lakini hakuna mama duniani asemaye hivyo. Dawa yake ni kuyasoma mazungumzo hayo kwa sauti mbele ya wenzake, kama walivyofanya wale waigizaji.

Sasa tuje kwenye uongozaji, ambao ndio hudharauliwa zaidi kwa kuwa watu hudhani picha hujipiga yenyewe. Mpiga picha John F. Seitz aliupitisha mwanga katika mapazia ya vibao, ukaanguka juu ya Neff kwa mistari kama ya nondo za jela. Mtu huyo hajatenda kosa bado, wala hakuna aliyesema neno juu ya jela, mwanga umesema. Mwanafunzi wa Mbale aonaye kila asubuhi jua likichelewa nyuma ya Wanale, na wa Jinja apitaye chini ya baraza za maduka ya zamani kwenye barabara kuu, tayari anaijua lugha ya kivuli. Kilichobaki ni mwalimu kumwonyesha kwamba ni lugha.

Tazameni pia tukio la gari. Wawili hao wamekwisha kuilaza maiti relini, kila kitu kimetimia kama walivyopanga. Wanaingia garini, Phyllis anawasha, injini inakataa. Anajaribu tena, inakataa. Wanatazamana. Kisha Neff ananyoosha mkono, anajaribu yeye, nayo inawaka. Ni jambo dogo la kila siku, ambalo kila dereva wa Uganda analijua barabara. Lakini katika sekunde hizo chache mtazamaji mwema, mchamungu, anajikuta akiiombea injini iwake ili wauaji waokoke. Mwongozaji amemfanya mshirika wa uovu bila kumwuliza. Hakuna hotuba ya maadili inayoweza kumfunza mtu juu ya udhaifu wa moyo wake kama anavyofunzwa na swichi ile.

Na kuna kiberiti. Keyes anavuta biga lakini hana kiberiti kamwe. Kila mara Neff humwashia, akikikwaruza kijiti kwa ukucha wa dole gumba. Hakuna anayelizungumzia jambo hilo. Mwishoni Neff amelala mlangoni, hana nguvu hata ya kuwasha sigara yake, naye Keyes, aliyemgundua, ndiye amwashiaye. Urafiki, huzuni na hukumu vimo katika kijiti kimoja cha kiberiti. Wilder alikuwa amepiga picha tukio jingine la mwisho, la Neff kuuawa katika chumba cha gesi, kisha akaliondoa. Kwa nini? Kwa sababu kiberiti kilikwisha kumaliza kazi. Hilo ni somo la kufuta, na kufuta ndiko sehemu ya uandishi isiyopata nafasi katika madarasa mengi.

Hapa ndipo wapinzani wetu husimama na kusema: ninyi mnawafunza watoto kuua na kudanganya kampuni za bima. Twawajibu hivi. Wakati ule Hollywood ilikuwa chini ya kanuni kali za udhibiti, na kisa hiki cha Cain kilikuwa kimekataliwa na wadhibiti katika miaka ya 1930. Kwa hiyo mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Mume ananyongwa garini, na kamera imetulia juu ya uso wa mke, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck, ambaye anaendesha gari na kutazama mbele. Hakuna tone la damu, na bado mtazamaji hausahau uso ule. Hatusemi kwamba udhibiti ni jambo jema. Twasema kwamba mafundi walizuiwa njia moja wakatafuta nyingine, kama maji ya Nile pale Jinja, yaliyozibwa kwa bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, nguvu yake ikatoka kwa umeme. Mtoto wa leo anaona vichwa vikipasuliwa katika filamu za kila aina, wala hamna mwalimu aliye karibu. Kumwonyesha filamu inayokataa kuonyesha ni kumlinda.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi: filamu hii ni ya Kiingereza, inaletaje faida kwa Kiswahili? Na sisi twauliza: mtu aliyeandika mazungumzo hayo yanayosifiwa alikuwa nani? Billy Wilder alizaliwa mwaka 1906 huko Sucha, mji ulio katika Poland ya leo. Alifanya kazi Berlin, akawakimbia Wanazi mwaka 1933, akafika Marekani mwaka 1934 akiwa na Kiingereza kidogo mno. Miaka kumi baadaye aliandika, pamoja na mwenzake, mazungumzo ambayo wazawa wa lugha hiyo wanayaiga hadi leo. Hakungoja azaliwe upya penye lugha. Alijifunza, akasikiliza, na akamtafuta Chandler, mtu mwenye sikio kali, wakafungiana chumba kimoja ingawa hawakupendana.

Habari hiyo inatuhusu sana. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba Kiswahili cha Uganda ni cha kambini na sokoni, na ya kuwa ufundi wa lugha hii ni mali ya pwani, sisi wa bara ya mbali tukitosheka kuokota makombo. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa hapa mwaka 1973. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kiwe somo la lazima la shule za msingi na sekondari. Matangazo hayo ni mema, lakini tangazo halitungi sentensi. Ikiwa mtoto wa Kisoga au wa Kimasaba atafunzwa Kiswahili cha kujibu maswali tu, atabaki mgeni ndani yake. Akifunzwa kwamba mgeni aweza kuwa fundi, atathubutu.

Na kazi ipo tele. Katika vibanda vya video vya miji yetu watazamaji wamezoea kwa miaka mingi kusikia filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiluganda na wasimulizi waitwao VJ, ambao hutafsiri, hutania na kufafanua papo hapo. Walimu wengi huwadharau. Sisi twaona kwamba hao ni watu wafanyao kila siku zoezi ambalo darasa la Kiswahili halijathubutu kulifanya. Chukueni tukio la kwanza la Neff na Phyllis. Neff anamchokoza, naye anamjibu kana kwamba yeye ni askari wa barabarani na Neff ni dereva aliyezidisha mwendo. Zimeni sauti, muwaambie wanafunzi waandike Kiswahili chake. Mara moja maswali yatazuka. Je, amwite Bibi Dietrichson, au Phyllis? Ni wakati gani hasa ubibi unapoanguka? Lile neno la mapenzi alirudialo Neff kila mara, tuliweke mpenzi, mama, au tuliache? Kila jibu ni uamuzi wa adabu, wa rika na wa hila, na Kiswahili ni hodari katika mambo hayo.

Tukikataa kazi hiyo, tutabaki mahali tulipowekwa zamani. John Huston, ambaye filamu yake The Maltese Falcon ya mwaka 1941 huhesabiwa miongoni mwa za kwanza za sinema nyeusi, alifika Kongo na Uganda mwaka 1951 kupiga picha za The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Butiaba na Maporomoko ya Murchison vikaonekana duniani. Lakini nchi yetu ilikuwa mandhari. Kalamu na kamera vilikuwa vya wengine. Taifa lisilowafunza watoto wake jinsi hadithi inavyojengwa litaendelea kuwa mandhari ya hadithi za watu.

Kwa hiyo madai yetu ni haya. Kwanza, yakome maswali yanayomtaka mwanafunzi ataje mafunzo sita ya kazi ya sanaa, kana kwamba mtunzi alikuwa akipanga mafungu ya nyanya sokoni. Aulizwe jambo moja limefanywaje, na kwa nini likafanywa hivyo. Pili, kila muhula darasa litazame matukio mawili ya filamu moja iliyo bora, si filamu nzima. Dakika kumi zatosha, na simu moja yenye kioo kipana au kompyuta ya shule yatosha. Tatu, kila tukio litazamwe mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya kisa, ya pili kwa ajili ya ufundi. Nne, baada ya kutazama, mwanafunzi aandike kwa Kiswahili, kisha asome kwa sauti.

Atakayesema kwamba hayo si Kiswahili na atuonyeshe mtunzi mkubwa asiyejua kuanza, kunyamaza na kufuta. Hatumjui. Nasi hatuna haja ya kungoja waraka wa wizara: filamu ipo, lugha ipo, na wanafunzi wameketi wakitungoja.