Siku ya Jumapili na Haki ya Muuza Duka

Tangu Mkoa wa Dar es Salaam ulipozindua biashara ya saa 24 katika eneo la Kariakoo mwaka 2025, mazungumzo juu ya saa za kufungua na kufunga maduka yameshika kasi. Wapo wanaotaka kila mji ufuate mkondo huo. Wapo pia, hasa miongoni mwa waumini na watetezi wa wafanyakazi, wanaouliza kama haifai walau siku moja katika juma, yaani Jumapili, maduka yafunguliwe kwa saa chache tu. Swali hili linagusa riziki ya mwenye duka, mfuko wa mnunuzi na imani za watu, na zaidi ya yote linagusa mwili wa yule kijana aliyeajiriwa kusimama dukani kutwa. Sisi tunaona kwamba saa za Jumapili zipunguzwe, lakini zisipunguzwe kwa maduka yote, wala kwa sababu zile zinazotajwa mara nyingi.

Tuanze na dini, maana ndiko mjadala huu huangukia kila unapozuka. Kuifanya Jumapili siku ya mapumziko kwa amri ya dola ni jambo la kale. Mwaka 321 Kaisari Konstantino wa Roma aliamuru mahakimu na wakazi wa mijini wapumzike na karakana zifungwe siku hiyo, ila wakulima akawaacha waendelee na mashamba yao, kwani msimu haumngoji mtu. Lakini Serikali yetu haina dini. Mwislamu huiheshimu Ijumaa, Msabato huiheshimu Jumamosi, na wako wananchi wasioshika siku yoyote. Sheria itakayowalazimisha hawa wote wateremshe milango kwa kuwa jirani yao anakwenda kanisani itakuwa ni dhuluma, nao watakuwa na haki ya kuipinga. Tungependa hata waumini wa Kikristo wanaoitaka sheria ya namna hiyo walifikirie hilo kwa upole.

Hata hivyo, dini yatufunza jambo moja la manufaa. Siku ya Ijumaa Mwislamu huacha biashara adhana inapoita, na sala inapokwisha huruhusiwa kurejea kutafuta riziki yake. Unguja, Tanga na Mombasa watu wameizoea desturi hiyo vizazi na vizazi: milango hurudishwa, mtaa hutulia kwa muda, kisha shughuli huendelea kama kawaida. Hatujapata kusikia kwamba mji umefilisika kwa ajili ya utulivu huo. Hali kadhalika, tangu Siku ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba 2015 ilipogeuzwa kuwa siku ya usafi, na baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo, wenye maduka katika miji mingi wamezoea kufungua saa nne asubuhi siku hiyo. Walinung'unika mwanzoni, na wengine wananung'unika hadi leo, lakini wanunuzi walijua wafanyeje: walinunua jana yake, au walingoja saa nne. Basi kupunguza saa za biashara kwa siku maalumu si jambo geni kwetu.

Sababu yetu ni mapumziko ya mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema wazi. Mfanyakazi asifanye kazi zaidi ya siku sita katika juma, wala zaidi ya saa 45 za kawaida kwa juma, wala zaidi ya saa tisa kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne, na zilipwe kwa mara moja na nusu. Kila juma apate mapumziko ya saa 24 mfululizo, na akikubali kufanya kazi katika muda huo wa mapumziko, alipwe maradufu. Ni sheria njema. Anayeisoma huku akimtazama binti auzaye nguo katika duka la jirani atadhani imetungwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Tufanye hesabu ndogo. Duka linalofunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku limekaa wazi saa 13. Tumtolee muuzaji saa moja ya chakula, ingawa wengi hula wamesimama huku wakijibu bei, zinabaki 12. Zidisha kwa siku saba, unapata saa 84 kwa juma moja. Sheria, hata ikijumlishwa na saa za ziada zote inazoziruhusu, haifiki saa 58. Saa 26 zilizobaki ni za nani? Hazimo katika mkataba, kwa kuwa mara nyingi mkataba wenyewe haupo. Hazimo katika malipo, kwa kuwa mshahara ni ule ule wa mwezi uliokubaliwa kwa mdomo. Na huyu mtu, baada ya kufuli kufungwa, bado ana safari ya daladala hadi pembezoni mwa mji, na kesho yake awe mlangoni kabla ya tajiri.

Hapo wengine hutuambia: kama sheria ipo, tatizo ni utekelezaji, basi waachieni Maafisa Kazi wafanye kazi yao na msiguse saa za maduka. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haisimami. Afisa Kazi akiingia dukani hana njia ya kuyaona mapumziko ya mtu. Ataonyeshwa daftari, na daftari huandikwa na mwajiri. Atamuuliza muuzaji, naye atajibu akiwa amesimama mbele ya yule anayempa mkate, na sote twajua atajibu nini. Kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni haki yake, naam, lakini anayekwenda huko kwa kawaida ni yule ambaye kazi imekwisha kumponyoka. Mlango uliofungwa, kinyume chake, huonekana na kila mpita njia. Saa ya kufunga haihitaji daftari wala shahidi. Mgambo, diwani, mteja, hata mshindani wa upande wa pili wa barabara, wote wanaweza kujua kama kanuni imefuatwa. Kwa hiyo kanuni ya saa humlinda mnyonge bila kumtaka kwanza ainue sauti yake, na sisi tunaithamini zaidi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Wenzetu wamekwisha kuipita njia hii, na si vibaya kutazama walipojikwaa. Uingereza ilikuwa na Sheria ya Maduka ya mwaka 1950 iliyokataza biashara ya Jumapili huku ikiorodhesha vitu vilivyoruhusiwa. Orodha hiyo ikageuka kichekesho. Mtu aliweza kununua maziwa mabichi, ya kopo asiweze. Aliweza kununua gazeti la udaku, Biblia asiweze. Sheria ikichekwa haiishi muda mrefu ikiheshimiwa. Mwaka 1986 serikali ya Bibi Margaret Thatcher ilijaribu kuondoa mipaka yote, ikashindwa Bungeni kwa kura 14, baada ya makanisa na chama cha wafanyakazi wa maduka kusimama pamoja, na wabunge wengi wa chama chake mwenyewe kumwasi. Suluhu ilipatikana mwaka 1994: maduka madogo yafungue yapendavyo, na yale yanayozidi mita za mraba 280 yafungue kwa saa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Serikali nyingine ilijaribu kuilegeza suluhu hiyo mwaka 2016, nayo ikashindwa kwa kura 317 dhidi ya 286. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: mapumziko ya Jumapili yamo katika Katiba yake, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka Katiba ya mwaka 1919. Hizi ni nchi tajiri zenye biashara kubwa, na hazikuona kwamba zinajinyonga kwa kufunga maduka mapema siku moja.

Lakini kipimo cha Waingereza hakitufai. Kwetu duka la mita za mraba 280 ni duka kubwa mno. Tukisamehe yote yaliyo chini ya hapo tutakuwa tumesamehe karibu mji mzima, na wale tunaotaka kuwalinda watabaki walipo. Kipimo chetu kiwe ni nani anayesimama dukani. Mwenye duka anayeuza mwenyewe, pamoja na mkewe au mumewe na watu wa nyumbani kwake, aachwe huru. Jasho ni lake na saa ni zake. Yule Mangi wa uchochoroni anayeuza sukari ya kupima na kibiriti hadi usiku wa manane hana wa kumdhulumu ila nafsi yake, na mtaa unamhitaji. Tunasema hivi tukikumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Katika sehemu nyingi maduka hayo ya ushirika hayakuwa tayari, na mwanakijiji akajikuta hana chumvi wala mafuta ya taa. Amri ya kufunga milango ni silaha nzito, nayo itumiwe pale tu ilipo haja.

Haja ipo katika maduka yenye watu wa kuajiriwa: ya nguo, ya vyombo, ya vifaa vya ujenzi, ya simu, na yale makubwa ya kujihudumia. Hayo tunataka yafunguliwe Jumapili kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni, basi. Asubuhi ibaki kwa ibada kwa anayeabudu, na kwa kufua, kulala na kukaa na watoto kwa asiyeabudu. Alasiri ibaki kwa mnunuzi, kwa maana hatumsahau mwalimu, muuguzi na mfanyakazi wa kiwandani ambao hawana siku nyingine ya kununua sare za shule. Maduka ya dawa, vituo vya mafuta, masoko ya vyakula na magulio yasiguswe kabisa.

Itasemwa kwamba wenye maduka watapata hasara. Sehemu kubwa ya hasara hiyo tunaitilia shaka. Aliyekusudia kununua sufuria Jumapili saa tatu asubuhi hatakosa kuinunua saa nane kwa sababu mlango ulichelewa. Fedha zake za juma ni zile zile. Kweli, yapo mauzo yatakayopotea, na mengine yatahamia kwa wamachinga watakaotandaza bidhaa zao mbele ya maduka yaliyofungwa. Wafanyabiashara wanaolipa kodi ya pango na leseni wana haki ya kulalamikia hilo, na halmashauri zinapaswa kuusimamia ule utaratibu wa maeneo maalumu uliowekwa mwaka 2021. Ila tukubaliane kwamba machinga anajiajiri mwenyewe, na akipata shilingi mbili tatu zaidi asubuhi ya Jumapili, huo si msiba wa taifa.

Tutaulizwa pia: kwa nini Jumapili, kama si kwa ajili ya dini? Jibu ni kwamba ndiyo siku ambayo shule na ofisi zimefungwa. Muuza duka anayepewa mapumziko siku ya Jumanne anapumzika katika nyumba tupu; watoto wako shuleni, jamaa wako kazini, vikao vya ukoo na arusi na matanga vimekwisha kupangwa Jumamosi na Jumapili. Mapumziko ya namna hiyo huufaa mgongo tu. Kwa mwenye duka anayefunga Jumamosi kutwa kwa ajili ya imani yake, sheria ya Uingereza ya 1994 imekwisha kutuonyesha njia: iliwaruhusu wafanyabiashara wa Kiyahudi wanaoshika Sabato yao wafungue Jumapili bila kikomo. Nasi tuwaruhusu hivyo hivyo Wasabato wetu, na Mwislamu anayefunga Ijumaa kutwa naye apate ruhusa iyo hiyo. Na kwa kila muuzaji Mwislamu katika duka lolote, muda wa sala ya Ijumaa usiwe hisani ya tajiri.

Jambo hili halihitaji kungoja Bunge. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Namba 8 ya mwaka 1982, inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na leseni nyingi za biashara za rejareja hutolewa na halmashauri hizo hizo. Tunawaomba madiwani wetu walipeleke shauri hili katika vikao vyao, wakiwaita wenye maduka na chama cha TUICO, ambacho wafanyakazi wa biashara ni wanachama wake halali ingawa wengi wao hawajapata kukisikia. Waanze na barabara kuu za mji kwa mwaka mmoja, waone. Saa za Jumapili, pamoja na siku ya mapumziko ya kila muuzaji, ziandikwe kwenye kibao na kutundikwa mlangoni, mahali mteja anapoweza kusoma. Jumapili mbili kabla ya Krismasi, na ile ya mwisho kabla ya kila Idi, ziachwe huru kwa sharti la malipo maradufu, yalipwe jioni ile ile kabla ya kufuli kufungwa.