Wayunani wa Kale na Mkutano Mkuu wa Kijiji

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kuwataja Wayunani wa kale mbele ya Waislamu ni kupoteza wino na karatasi. Ajabu ni kwamba hata neno hilo karatasi limetufikia kupitia Kiarabu kutoka kwa Wayunani hao hao, kama yalivyotufikia kanuni na falsafa. Wanavyuoni wa Baghdad katika karne ya 9 hawakuwa na woga huo. Hunayn bin Is-haq, naye alikuwa Mkristo, aliwafasiria vitabu vya tabibu Galen. Wakavisoma na kuvipima, na al-Razi akaandika kitabu kizima cha kumkosoa Galen huyo.

Lakini liko jambo moja la Wayunani ambalo halikupata wafasiri wengi, nalo ni namna watu wa mji wa Athens walivyojitawala. Jambo hilo linatuhusu sisi wa Itigi na vijiji vyake, kuanzia Sanjaranda hadi Mitundu, kuliko tunavyofikiri.

Tangu mageuzi ya Cleisthenes ya mwaka 508 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), mambo makubwa ya Athens, kama vita, sheria na fedha, yaliamuliwa na mkutano wa raia wenyewe, uliokaa kwenye kilima kiitwacho Pnyx. Baraza la watu 500 lililoandaa ajenda halikuchaguliwa kwa kampeni bali kwa kura za kubahatisha, na neno letu kura kwa asili yake ya Kiarabu lina maana hiyo hiyo. Kila aliyeshika madaraka, muda wake ulipokwisha, alisimamishwa akatoa hesabu, na raia yeyote aliweza kumshitaki.

Hata hivyo watu walikuwa wavivu wa kuhudhuria! Ilibidi watumwa wapite sokoni wakiburuta kamba iliyopakwa rangi nyekundu ili kuwasukuma wenye kupiga soga waende mkutanoni, na aliyekutwa na alama nguoni alitozwa faini. Mtunzi wa michezo Aristophanes aliwatania kwa jambo hilo mwaka 425 K.M. Baadaye ikabidi wahudhuriaji walipwe posho. Posho, basi, si uvumbuzi wa Dodoma.

Wala tusiwasifu kupita kiasi. Mwanamke hakuruhusiwa kusema neno katika mkutano ule, mtumwa hakuhesabiwa, na mgeni aliyeishi mjini miaka mingi alibaki mgeni. Aristotle mwenyewe, ambaye wanavyuoni wetu walimwita Aristu, Mwalimu wa Kwanza, hakuwa na kura Athens kwa kuwa alizaliwa Stagira. Na mwaka 399 K.M. raia hao hao, wakiwa mahakimu, walimhukumu Socrates kifo.

Sasa tujitazame. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na zaidi kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mume na mke, mwenyeji na aliyehamia. Mkutano huo unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla ya mkutano huo kuridhia. Haki hii ni pana kuliko ile ya Athens.

Je, tunaitumiaje? Mkutano unaitishwa, wanafika wazee wachache, mapato na matumizi yanasomwa haraka haraka, na waliobaki dukani au kijiweni wanakuja kulalamika baadaye kwamba eneo la malisho limekwisha kugawiwa. Ardhi ikishatoka imetoka. Kulalamika barazani baada ya swala ya Alasiri hakuirudishi, wala hakumlazimishi mtu kutoa hesabu.

Lawama nyingine ni yetu waume tunaowaacha wake zetu nyumbani siku hiyo kana kwamba dini ndiyo iliyoamuru. Huko Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijiria, masahaba walipositasita kuchinja na kunyoa, Mtume (s.a.w.) aliufuata ushauri wa Bibi Ummu Salama, na jambo likatengenea. Sasa mama anayelima shamba kila msimu ana kosa gani akisimama kuuliza mpaka wa shamba hilo?

Kamati za misikiti zinaweza kuanza na jambo dogo: tangazo la mkutano wa kijiji lisomwe baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na ajenda zake. Na pale mkutano unapopangwa Ijumaa adhuhuri, barua ya heshima ipelekwe mapema kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kuomba saa nyingine.