Yai Hili, Kinda Huyu

Mwanachuo anayeandika "kasuku hii inaimba" hajakosa akili. Amefuata lugha ya nyumbani kwao. Katika Kiganda ndege ni ekinyonyi, na maneno yanayomhusu hufuata umbo hilo: ekinyonyi kino kibuuka. Katika Kinyarwanda nako, inyoni hupatanishwa kwa viambishi vya ngeli yake yenyewe, wala hakuna anayeona ajabu. Kiswahili sanifu kimeshika njia nyingine. Kwanza kinauliza iwapo kitajwacho ni mtu au mnyama aliye hai, na jibu likiwa ndiyo, umbo la nomino huwekwa kando. Ndiyo maana kasuku, kinda, dume, jike na kifaranga, majina ambayo kwa umbo yametawanyika katika ngeli mbalimbali, yote hukutana katika A-WA. Neno ndege ndilo shahidi bora kuliko yote: ndege huyu ameruka, naye ana manyoya, ndege hii imeruka, nayo ina abiria.

Sisi tunaoandika kitabu hiki tumeshikilia kwa muda mrefu kwamba somo hili hufundishika vizuri zaidi mbele ya kiumbe hai kuliko mbele ya jedwali la ubaoni. Bado tunashikilia hivyo. Lakini tumeongeza sharti moja, na sharti hilo lilitugharimu.

Kiumbe tuliyemchagua alikuwa kasuku mdogo wa Australia, ambaye kwa kufuata jina lake la Kiingereza tutamwita baji. Urefu wake ni sentimita 18 hivi, na uzito wake gramu 30 hadi 40. Kwao huishi kwa makundi katika nyika kavu, akila mbegu za nyasi na kutaga katika mashimo ya miti. John Gould, mtaalamu wa ndege, alifika Uingereza na baji hai mwaka 1840, na tangu hapo ndege huyu amezaliana vizimbani vizazi hata vizazi. Rangi yake ya asili ni kijani na manjano yenye michirizi myeusi. Hao wa buluu na weupe tunaowaona madukani ni zao la ufugaji. Kwa hiyo anayenunua baji aliyezaliwa tunduni hapunguzi ndege wa msituni, tofauti na anayenunua kasuku wetu wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda, ambaye biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 2016.

Tulipewa jozi moja, dume wa kijani na jike wa buluu. Kuwatambua si kazi ngumu: aghalabu ngozi laini iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua, huwa ya buluu kwa dume mzima, na kwa jike hugeuka kahawia anapokuwa tayari kutaga. Tukatundika kisanduku cha mbao chenye tundu la duara ubavuni. Hakikuhitaji nyasi wala pamba, kwa kuwa baji hajengi kiota. Jike akaingia. Akataga yai moja, siku ya tatu yake jingine, hadi yakatimia matano, akaatamia peke yake huku dume akimletea chakula mlangoni.

Wanachuo walifika kila asubuhi na madaftari yao. Walikuwa wakiandika "yai hili limelala", "mayai haya yamefika matano". Siku ya 18 kukasikika sauti nyembamba, na pale penye yai lililokuwa hili pakawa na kinda aliye huyu, kipofu, bila unyoya hata mmoja. Kwa kuwa jike huanza kuatamia kabla ya kumaliza kutaga, makinda hawaanguliwi siku moja. Mkubwa alikuwa amekwisha kunenepa wakati mdogo wake akitoka ganda. Hatujapata kufundisha upatanisho kwa wepesi kama majuma yale. Hakuna aliyeuliza kwa nini yai ni hili na kinda ni huyu.

Baada ya majuma matano hivi makinda walitoka kisandukuni wakiwa na manyoya kamili. Hapo ndipo tulipaswa kukiondoa kisanduku. Hatukukiondoa. Darasa jingine lilikuwa linangoja zamu yake, somo lilikuwa tamu, na jike alikuwa ameanza kutaga upya bila kuombwa. Tukaita hiyo baraka. Akalea uzao wa pili, wa tatu, akaanza wa nne, chakula chake kikiwa ulezi mtupu. Ganda la yai hutengenezwa kwa chokaa, na nafaka ina chokaa kidogo sana. Inayopungua chakulani huchotwa katika mifupa ya mama. Asubuhi moja tulimkuta sakafuni mwa tundu, manyoya yametutumka, na kufikia adhuhuri akafa, yai limemkwama tumboni.

Juma hilo mwanachuo mmoja aliandika katika insha yake: "Kasuku ya chuo imeharibika." Tulichukua kalamu nyekundu. "Ya" tukaifanya "wa", "imeharibika" tukaifanya "amekufa". Kisha tukabaki tukiitazama sentensi ile. Mwandishi wake alikuwa amekosea viambishi na kitenzi. Sisi, tunaoweza kukariri jedwali zima la ngeli, tulimfanya jike yule chombo cha kufundishia, tukakitumia hata kikaharibika.

Hatudai kwamba sarufi humfanya mtu kuwa mwema. Waganda hawamdharau ndege kwa kumpa ki-, na wapo wasemao Kiswahili sanifu kisicho na doa huku wakifuga ovyo. Ushahidi tumekwisha kuutoa. Tunachodai ni kwamba mwalimu anayempeleka ndege darasani ili aonyeshe A-WA amekubali mwenyewe kwamba huyo si kifaa. Basi na amtendee hivyo. Jike asizalishwe kabla hajatimiza mwaka mmoja. Baada ya uzao wa pili kisanduku kiondolewe, hata kama darasa zima linalalamika. Tunduni muwe na ganda la ngisi, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa. Sukuma wiki na karoti ziongezwe juu ya nafaka. Parachichi ni sumu kwake, na katika nchi ambamo parachichi huanguka uani bila mtu kuliokota, hilo si onyo dogo. Tundu lisitundikwe jikoni penye moshi. Liwe refu kwa upande kuliko kwenda juu, kwani baji huruka kwa kwenda mbele. Yule anayepanda wima ni helikopta, naye yumo katika ngeli nyingine.

Lililo zito zaidi ni hesabu ya makinda. Jozi moja yaweza kuleta watano kwa mkupuo mmoja, na kila mmoja ana miaka mitano hadi minane ya kuishi, pengine zaidi. Kuwafungulia waende zao si huruma, kwa kuwa hapa si kwao na chakula wamezoea kukikuta kibakulini. Kumfuga mmoja peke yake nako ni kumwonea ndege aliyeumbwa kuishi kundini, ijapokuwa ni kweli kwamba baji mpweke ndiye huiga maneno ya watu upesi.

Katika tundu letu yumo sasa dume yule wa kijani, wanawe wawili, na jike mgeni aliyetoka nyumba nyingine, ambaye amepita mwaka mmoja. Kisanduku kimo kabatini. Wanachuo wa mwaka huu wameomba kitundikwe. Tumewataka walete kwanza majina ya watu watano walio tayari kuwapokea makinda, wenye matundu yanayofaa. Wameleta matatu, tunangoja mawili.