Kaskazini si jangwa tupu

Mwandishi, makala ni nzuri, ila hapo unaposema kuiona Kenya lazima ukodi gari, sikubaliani kabisa. Mimi ni wa Umoja, Eastlands, na Marsabit nilienda kwa basi la kawaida, nikipandia Eastleigh. Ukipita Nanyuki kwenye mstari wa ikweta, Mlima Kenya, mita 5,199, uko kulia. Ukishuka Isiolo baridi imekwisha, halafu mlima Ololokwe unachomoza peke yake kwenye tambarare. Na ndugu uliyeandika hapo juu kwamba kaskazini ni jangwa tupu, jangwa la Chalbi lipo kweli, lakini mlimani Marsabit kuna msitu wenye ukungu na Ziwa Paradise ndani ya kreta. Lami imefika hadi Moyale. Wazazi wa Eastlands, wapelekeni watoto huko likizo ya Agosti, na mchague basi la mchana.