Tamko kwa Umma: Ukaguzi wa Zahanati na Kliniki Binafsi Uwe Mmoja, wa Kushtukiza, na Uanzie kwenye Friji

Sisi wamiliki, waganga wafawidhi na wauguzi wa zahanati na kliniki binafsi, baada ya kukutana katika mkutano mkuu wa chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wananchi tunaowahudumia na kwa mamlaka zinazotusimamia.

Kwanza ieleweke kwamba hatupingi kukaguliwa. Utoaji wa tiba binafsi kwa faida ulipigwa marufuku nchini Tanzania mwaka 1977, ukaruhusiwa tena mwaka 1991 kwa masharti ya usajili na usimamizi, na masharti hayo yana sababu. Mgonjwa akiingia kliniki anaona vigae, kochi la mapokezi na koti jeupe. Hawezi kujua kama vifaa vilitakaswa jana au vilisuuzwa tu. Lazima awepo mtu wa kumtazamia yale asiyoweza kuyaona.

Tunacholalamikia ni namna ukaguzi unavyofanyika. Kliniki yenye chumba kimoja cha daktari, maabara ndogo, dirisha la dawa na mashine ya eksirei hupokea timu ya Mganga Mkuu wa Wilaya, Bodi ya Maabara Binafsi, Baraza la Famasi, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Tume ya Nguvu za Atomiki, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na Zimamoto. Kila mmoja huja na fomu yake na siku yake, na mara nyingi na ada yake. Mpango wa Serikali wa mwaka 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara, maarufu kama Blueprint, ulikiri mwingiliano huu wa mamlaka. Mwaka uliofuata masuala ya chakula yakaondolewa kwenye iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ikazaliwa TMDA. Mwenye mgahawa huenda alipata nafuu. Sisi foleni ya wageni iko palepale. Na katika wote hao, kila mmoja hutazama kipande chake tu. Hakuna anayemfuata mgonjwa tangu anapopokelewa mpaka anapoondoka na dawa mkononi.

Tunataka mkaguzi afungue friji. Asiishie kwenye karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni, ambayo mara nyingine inaonyesha nyuzi 4 asubuhi na nyuzi 4 jioni, mwezi mzima, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, hata siku umeme ulipokatika kutwa. Atie kipimajoto chake mwenyewe. Aulize oksitosini inakaa wapi. Dawa hiyo humkinga mama aliyejifungua asivuje damu hadi kupoteza maisha. Inatakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiachwa kabatini katika joto la Dar es Salaam hupungua nguvu bila kubadilika sura. Siku ikihitajika, muuguzi ataichoma kwa utaratibu sahihi kabisa, na damu isikome.

Akitoka hapo, amwombe muuguzi wa zamu aonyeshe kwa vitendo jinsi ya kumpulizia hewa kichanga asiyelia. Alinganishe rejista ya maabara na ya dawa: wangapi walipimwa malaria, wakaonekana hawana, na bado wakaandikiwa dawa mseto? Kazi hiyo inachukua nusu siku. Kukagua risiti za ada kunachukua dakika kumi, na tunadhani hiyo ndiyo sababu hukaguliwa kwanza.

Nchi hii imewahi kufanya zoezi la maana. Ukadiriaji wa nyota ulioanza mwaka 2015 uliingia kwenye vituo vya msingi vya umma na binafsi, na katika awamu ya kwanza takribani theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja. Ilikuwa aibu yenye manufaa, kwa kuwa kila kituo kilibaki na mpango wake wa maboresho, na awamu ya pili ya mwaka 2017/18 ilikuta vituo visivyo na nyota vimepungua sana. Ingawa lengo la asilimia 80 ya vituo kufikia nyota tatu ifikapo 2018 halikufikiwa, njia ilikuwa sahihi.

Wanachama wanaohofia kwamba ukaguzi wa aina hii utapandisha gharama watazame Kenya. Katika kaunti za Kakamega, Kilifi na Meru, vituo vya umma na vya binafsi vilikaguliwa kwa orodha moja ya pamoja, kila kimoja kikapewa alama na muda wa kurekebisha kasoro kabla ya hatua kali kuchukuliwa. Usalama wa wagonjwa uliongezeka, na malipo yao hayakupanda.

Kwa hiyo tunaomba mamlaka zote ziunde timu moja, fomu moja na ada moja kwa mwaka; ukaguzi uwe wa kushtukiza; na matokeo yabandikwe mapokezi kwa Kiswahili kinachosomeka. Zahanati ya Serikali isiyo na maji ipimwe kwa kipimo kilekile tunachopimwa nacho.

Kwa upande wetu, mwanachama atakayetundika ukutani cheti cha daktari anayefanya kazi kwingine, kwa malipo ya kukodi jina, atafutwa uanachama na chama chenyewe kitamripoti kwa Baraza la Madaktari. Hili halina msamaha wa kwanza wala onyo la pili.

Wapo waliopinga ukaguzi wa kushtukiza kwa hoja kwamba utawatisha wagonjwa walioketi kwenye benchi wakisubiri. Hoja ilisikilizwa, ikapigiwa kura, ikashindwa.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.