Tezo na Brashi

Wapo wanaowafundisha vijana wetu kwamba sanaa isiyoiga maumbile ya vitu ni zao la Ulaya. Sisi wa Chiungutwa twalikataa neno hilo. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 huku kwetu kusini, alianza kwa kuchonga. Ndipo katika miaka ya 1970, akiwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akashika brashi. Je, aliutupa urithi? Hasha! Mashetani wale wale wa mpingo, wenye masikio makubwa, midomo mipana na vidole vichache, walishuka kutoka gogoni wakacheza ngoma ubaoni kwa rangi kali. Chombo kilibadilika, fikra haikubadilika. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Na huyo Picasso, fahari ya Ulaya, mwaka 1907 alikwenda kuvitazama vinyago vya Afrika mjini Paris. Nani basi mwalimu, na nani mwanafunzi?

Enyi walimu, msimwambie mtoto kuwa tezo ni kazi ya aliyeshindwa masomo. Mwacha asili ni mtumwa. Mfundisheni kuchonga; brashi ataishika bila kupotea.