Zaka ya duka: kwa nini wachuuzi wadogo wanaitoa bila kulazimishwa

Nchini Kongo, hakuna afisa wa serikali anayepita sokoni kudai zaka. Hata hivyo, huko Kasongo, Kindu ao Kisangani, wako wachuuzi wa Kiislamu wanaofunga hesabu kila mwaka na kuitoa. Ni watu wale wale wanaolalamikia, kwa haki, wingi wa kodi.

Kwa nini basi? Imani ndiyo sababu ya kwanza: zaka ni nguzo ya Uislamu. Lakini kuna pia usawa ndani yake. Kodi ya soko humkuta mchuuzi hata siku ambayo hakuuza kitu. Zaka humngoja. Mali isipofikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, ao gramu 595 za fedha kwa wanaofuata kipimo hicho, hadaiwi kitu. Ikifikia, inangojewa mwaka mzima wa Kiislamu. Frigo, makabati na mizani havihesabiwi. Huhesabiwa bidhaa za kuuza, pesa taslimu na madeni yanayotarajiwa kulipwa, kisha yanaondolewa yale anayodaiwa. Kwa kipimo cha fedha, aliyebaki na dola 3 000 anatoa asilimia 2,5, yaani dola 75.

Hesabu hiyo peke yake ni faida. Wachuuzi wengi hula mtaji wakidhani wanakula faida. Siku ya zaka huwafumbua macho.

Tena, kati ya makundi manane yanayostahili zaka kuna maskini na wenye kulemewa na madeni. Soko likiungua ao mzigo ukipotea njiani, mtoaji wa mwaka huu anaweza kuwa mpokeaji wa mwaka ujao. Wanaosema zaka ni ya matajiri wanasahau hilo.

Kosa liko kwenye ugawaji. Sarafu za kila Ijumaa kwa ombaomba ni sadaka njema, lakini hazimwinui mjane aliyepoteza meza yake ya biashara. Wachuuzi kumi wenye dola 75 kila mmoja wanakusanya 750: huo ni mtaji wa kuanza tena.

Ili wakubali kuweka pamoja, viongozi wa misikiti wasome hesabu hadharani: kilichoingia, kilichotoka, na kwa mahitaji gani, bila kuwaaibisha waliosaidiwa. Mchuuzi anayehesabu hadi kipande cha mwisho cha sabuni kwa ajili ya Mungu anastahili kuhesabiwa naye.